Ajali Kazini: Tusimsingizie Mola, Wala Tusimsingizie Kibarua

Wahenga walituachia methali nyingi za thamani, lakini ipo moja ambayo tumeifanya pazia la kufichia uzembe wetu. Nayo ni ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Mtu akiangukiwa na jiwe machimboni, twasema ajali haina kinga. Mkono ukinaswa na mkanda wa mashine ya kusaga mahindi, twasema ajali haina kinga. Ukuta wa mchanga ukiporomoka mtoni na kuwafunika vijana wawili, mkubwa mmoja husimama penye matanga, akakohoa, akatukumbusha kwamba ajali haina kinga, kisha akatoa rambirambi zake na kwenda zake. Kesho yake asubuhi vijana wengine huteremka katika shimo lile lile, wakiwa na sururu na mabeleshi yale yale.

Kwa maoni yangu, methali hiyo ilikusudiwa kumliwaza aliyekwisha kupatwa na msiba. Ni neno la kufuta machozi. Haikukusudiwa hata kidogo kuwa kanuni ya kuendeshea kazi. Wahenga hao hao ndio waliotuonya kwamba tahadhari ni kabla ya hatari, na kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Kwa nini basi tulikumbuke liwazo na kulisahau onyo?

Nia yangu katika makala haya ni kuuchunguza mchango wa mwelekeo na tabia ya mtu binafsi katika usalama wa mahali pa kazi. Nimeuchagua mji wa Machakos na viunga vyake kwa sababu ni vigumu kupata sehemu nyingine ya Kenya ambamo kazi za hatari za kila aina zimekusanyika hivyo. Pale Athi River kuna viwanda vikubwa vya saruji, kuna kiwanda cha nyama cha KMC kilichoanzishwa mwaka 1950, na kuna eneo la viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuzwa nje, lijulikanalo kama EPZ, ambamo maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wakiwa wanawake, hushona nguo. Katika eneo la Mavoko kuna machimbo ya mawe. Huko Yatta, Mwala na Masinga kuna mito ya mchanga. Wamunyu kuna wachongaji wa vinyago. Na mjini Machakos kwenyewe, kama ilivyo katika kila mji wetu, kuna mafundi wa jua kali, wajenzi, na wachomeleaji vyuma. Atakayelielewa suala la usalama kazini katika Machakos, atakuwa amelielewa katika nchi nzima.

Tuanze na mchanga. Msomaji aliyepata kuizuru mito hiyo wakati wa kiangazi ameyaona malori yakiwa yamejipanga ndani ya mto mkavu, na vijana wakiyapakia kwa mabeleshi. Majumba mengi ya Nairobi yamejengwa kwa mchanga wa Ukambani. Mchanga wa juu unapokwisha, vijana hawa huufuata ule ulio chini ya kingo. Huchimba kwa kuingia ndani, wakaacha paa la udongo likining'inia juu ya vichwa vyao pasipo nguzo wala boriti. Meta moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa takriban kilo 1,600, na ukilowa huwa mzito zaidi. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupanua mbavu zake avute pumzi, hata kama kichwa chake ki nje na wenzake wanamwona. Miongozo ya uchimbaji mchanga iliyotolewa mwaka 2007 na mamlaka ya mazingira, NEMA, inapiga marufuku kuchimba chini kwa chini, na inataka kina cha shimo kisizidi futi 6. Miongozo ipo. Mashimo nayo yapo.

Nimepata kuwauliza baadhi ya vijana wa kazi hiyo kwa nini wanaingia chini ya ukingo wanaojua kwamba unaweza kuporomoka. Jibu nililopewa lilikuwa fupi: "Mzee, mchanga huu tumeuzoea."

Neno hilo, kuzoea, ndilo mzizi wa kwanza wa maafa kazini. Mtu anapoanza kazi ya hatari huwa na hofu, na hofu hiyo humlinda. Siku ya kwanza hutazama juu, hukanyaga kwa uangalifu, huuliza maswali. Lakini siku zinapopita bila ya kutokea lolote, moyo huanza kudanganyika. Huanza kuhesabu kila siku ya salama kuwa ni ushahidi kwamba hakuna hatari. Ukweli ni kwamba siku mia moja zisizo na ajali hazithibitishi kuwa shimo ni salama. Zinathibitisha tu kwamba ukuta haujaporomoka bado. Ndiyo maana mara nyingi anayeumia si mgeni wa kazi bali ni fundi wa miaka mingi, yule aliyeondoa kifuniko cha mashine kwa sababu kinamchelewesha, au aliyeingiza mkono kuondoa uchafu bila kuizima mashine, jambo alilokwisha kulifanya mara elfu moja.

Mzizi wa pili ni ushujaa wa uwongo. Tazama katika mabanda yetu ya jua kali. Fundi anachomelea vyuma akiwa amevaa miwani ya jua iliyonunuliwa kwa mchuuzi wa barabarani, kana kwamba anakwenda matembezini. Usiku macho humwasha kama yaliyotiwa mchanga, naye hubandika vipande vya viazi akitafuta nafuu, na kesho hurudi kazini vile vile. Tazama katika majengo yanayoinuka mjini. Kijana anatembea juu ya miti ya jukwaa, orofa ya nne, bila mshipi wa kumzuia asianguke na bila kofia ngumu kichwani. Akija mwenzake mpya amevaa glavu na buti, huulizwa kama amekuja kazini au amekuja arusini. Kicheko hicho kina nguvu kuliko bango lolote lililobandikwa langoni. Kijana huyo atazivua glavu zake kabla ya saa sita mchana, si kwa sababu hajui faida yake, bali kwa sababu hataki kuchekwa. Tumewalea wavulana wetu wakiamini kwamba kujikinga ni woga, nasi twashangaa wanapoletwa nyumbani wakiwa vilema.

Mzizi wa tatu ni ile imani kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Hapa sina budi kusema kwa heshima, maana Wakenya ni watu wa dini, nami sina nia ya kuigusa imani ya yeyote. Lakini dini zetu zenyewe haziungi mkono uzembe. Waislamu wamefunzwa kwamba mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mola. Na katika Biblia, Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ajengaye nyumba mpya anaagizwa aizungushie dari yake ukuta mdogo ili asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Naomba msomaji aizingatie amri hiyo ya kale, maana nitairudia. Haisemi kwamba aangukaye ameandikiwa. Inasema kwamba kuna mtu aliyepaswa kujenga ukingo.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tukumbuke kwamba kazi haiui kwa kishindo peke yake. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa karibu watu milioni 3 hufariki kila mwaka ulimwenguni kwa sababu zinazotokana na kazi. Kati yao, wanaouawa na ajali ni kama 330,000. Waliosalia, yaani sehemu kubwa mno, huuawa polepole na maradhi waliyoyapata kazini. Takwimu hiyo yafaa ituamshe. Mkata mawe anayevuta vumbi la jiwe kila siku haanguki siku hiyo. Vumbi hutua katika mapafu yake na kuyakausha mwaka baada ya mwaka, hata anapofika umri wa kufurahia wajukuu hawezi kupanda kilima cha kwenda kwake bila kupumzika mara tano. Pale Wamunyu, ufundi wa kuchonga uliletwa na Mutisya Munge, aliyejifunza huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ufundi huo umezilisha na kuzisomesha familia nyingi. Lakini vumbi la mbao nalo si rafiki. Tangu mwaka 1995 wataalamu wa kimataifa wa saratani wameliorodhesha miongoni mwa vitu visababishavyo ugonjwa huo kwa binadamu. Mchongaji anayepiga msasa akiwa amefunga kitambaa puani si mwoga. Ni mtu anayetaka kuendelea kuchonga.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba nimekwisha kutoa hukumu: kwamba wa kulaumiwa ni mfanyakazi, kwa mazoea yake, ushujaa wake na imani yake. La hasha! Hapo ndipo mjadala huu unapopotoshwa kila siku, na hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Mwaka 1931 Mmarekani mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bima, H. W. Heinrich, alichapisha kitabu kuhusu kuzuia ajali viwandani. Baada ya kupitia maelfu ya taarifa za ajali, alisema kwamba asilimia 88 ya ajali husababishwa na vitendo vya hatari vya wafanyakazi wenyewe. Tarakimu hiyo ilisafiri dunia nzima. Hata leo utaisikia katika semina za usalama, ikitajwa kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Lakini wachunguzi wa baadaye waliuliza swali moja dogo: taarifa hizo ziliandikwa na nani? Nyingi ziliandikwa na wasimamizi. Kalamu ilikuwa mkononi mwa nyapara, na mwamba ngozi huvutia kwake. Ni nyapara gani atakayeandika kwamba mashine haikuwa na kifuniko kwa sababu yeye mwenyewe aliamuru kiondolewe ili kazi iende mbio? Ni rahisi zaidi kuandika kwamba marehemu hakuwa mwangalifu. Marehemu hana wa kumjibia.

Kwa hakika tabia ya mfanyakazi haizuki hewani. Mrudie yule kijana wa mtoni. Halipwi kwa siku. Analipwa kwa lori analolijaza. Lori likiondoka mapema, lingine huja, na kila lori ni unga wa jioni na karo ya mtoto. Kuupunguza ukingo kutoka juu, ili usining'inie, kwahitaji muda wa nusu siku, na nusu siku hiyo hakuna amlipaye. Mwenye lori yu na haraka, mnunuzi wa Nairobi yu na haraka, na mwenye shamba la kando ya mto ameketi kivulini akihesabu malori. Katika hali hiyo, tukimwambia kijana kwamba shida yake ni mtazamo, tutakuwa tunamdhihaki. Mtazamo wake umeundwa na malipo yake. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, lakini hawakutuambia afanye nini mtu anayelipwa kwa haraka.

Ndivyo ilivyo viwandani pia. Mfanyakazi mwerevu hasikilizi tu anayoambiwa na msimamizi wake, hutazama yanayompendeza. Akiambiwa asubuhi kwamba usalama ni kwanza, kisha jioni akamwona aliyekiuka kanuni akisifiwa kwa kuwa amemaliza kazi nyingi kuliko wenzake, amekwisha kujua sheria ya kweli ya mahali pale. Meneja akipita katikati ya mashine bila kofia ngumu, amewavua kofia watu mia moja. Na vifaa vya kujikinga vikiwekwa katika kabati lililofungwa, likafunguliwa tu siku ambayo imesikika kwamba mkaguzi wa serikali yu njiani, wafanyakazi wamefundishwa kwamba kofia ni ya kumlinda mwajiri dhidi ya mkaguzi, wala si ya kulinda fuvu la kichwa dhidi ya jiwe. Hayo yote ni mielekeo na tabia za watu binafsi. Tofauti ni kwamba watu hao wana ofisi.

Mfano mchungu wa jambo hili ni ule wa Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika kuta za jengo liitwalo Rana Plaza, karibu na mji wa Dhaka. Benki na maduka yaliyokuwa katika orofa za chini yakafungwa. Lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo vilivyokuwa orofa za juu waliamriwa warudi kazini kesho yake. Wengi waliingia wakiwa na hofu, kwani waliogopa zaidi kupoteza mshahara. Asubuhi hiyo jengo liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Msomaji mpendwa, je, watu hao walikufa kwa mazoea? Kwa ushujaa wa uwongo? Waliiona hatari, wakaisema, nao hawakusikilizwa. Wale washonaji wetu wa Athi River hawana budi kuujua mkasa huo, na waajiri wao wanapaswa kuujua zaidi.

Kumbe basi amri ile ya Torati ina hekima kuliko semina nyingi. Haikumwambia anayetembea darini awe mwangalifu, ingawa uangalifu ni wajibu wake. Ilimwambia mwenye nyumba ajenge ukingo. Uangalifu wa mtu huja na kuondoka: leo amelala vizuri, kesho mtoto wake alikuwa mgonjwa usiku kucha. Ukingo haulali.

Sheria ya Kenya inafuata hekima hiyo hiyo ya kugawa wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya viwanda, inamtaka mwajiri kuhakikisha usalama, afya na hali njema ya wote wanaofanya kazi kwake. Inamtaka pia mfanyakazi ajilinde, awalinde wenzake wanaoweza kudhuriwa na vitendo vyake, avivae vifaa alivyopewa, na atoe habari ya hatari anayoiona. Tena kuna jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui: mfanyakazi aliyeondoka mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa ya kumfika wakati huo huo, hawezi kufutwa wala kuadhibiwa kwa kuondoka kwake. Mahali palipo na wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya. Na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ambayo nayo ni ya mwaka 2007, imeweka fidia ya mapato ya miezi 96 kwa aliyelemaa kabisa daima. Mapato ya miaka minane, kwa kijana wa miaka 25 ambaye hatashika tena beleshi!

Haki hizo ni nzuri katika karatasi. Lakini najua jibu la mwenye mashaka: ni kibarua gani atakayethubutu kusema hapana, ilhali langoni pamesimama wengine hamsini wanaoitafuta nafasi yake? Jibu hilo lina uzito, nami sitalipuuza. Mtu mmoja akisema hapana ni mkaidi. Atafukuzwa kwa kisingizio kingine. Watu thelathini wakisema hapana ni kamati. Ndiyo sababu naamini kwamba mabadiliko ya tabia hayawezi kuachiwa mtu mmoja mmoja, hata kama tabia yenyewe ni ya mtu mmoja mmoja.

Na hapa historia ya Machakos yenyewe ina funzo ambalo hatuhitaji kulitafuta ng'ambo. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Ukambani ilikuwa imechakaa kwa mmomonyoko. Serikali ya kikoloni iliamua kutumia nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa ili wapunguzwe, huku kiwanda cha Liebig cha Athi River kikiwasubiri kuwasindika. Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana kwa maelfu hadi Nairobi kupinga, na serikali ikalazimika kulegeza kamba, ingawa Mbingu mwenyewe alipelekwa uhamishoni Lamu. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta mashambani mwao chini ya usimamizi wa machifu. Waliyachimba, lakini kwa shingo upande, na mkazo ulipolegea katika siku za uhuru, wengi waliyaacha yaharibike.

Kisa hakikuishia hapo. Katika miaka iliyofuata, watu wale wale waliyarudia matuta kwa hiari yao. Walichagua aina waliyoiona inafaa, ile ya fanya juu, kwa sababu ilihifadhi maji na kuongeza mavuno. Waliyachimba kwa ushirikiano wao wa jadi uitwao mwethya, na wengi wa waliochimba walikuwa akina mama. Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba ingawa idadi ya watu wa iliyokuwa Wilaya ya Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, udongo ulikuwa umehifadhiwa vizuri kuliko zamani. Jembe lilikuwa lile lile na kilima kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kwamba tuta halikuwa tena la chifu. Lilikuwa la mwenye shamba.

Kofia ngumu ya leo iko mahali ilipokuwa tuta la zamani. Ni ya meneja, ni ya mkaguzi, ni ya serikali. Mfanyakazi huivaa kwa shingo upande na kuivua mara msimamizi anapopinda kona. Siku atakapoiona kuwa ni yake, hakutakuwa na haja ya faini wala vitisho. Lakini haitakuwa yake kwa kuhubiriwa. Itakuwa yake atakaposhirikishwa katika kuamua, na atakapoona kwamba kujikinga hakumpunguzii mkate.

Ni nini basi kifanywe? Kwanza, tuyatazame malipo. Mwajiri anayelipa kwa lori au kwa idadi ya vipande, bila kulipia muda wa kuandaa mahali pa kazi, amenunua ajali kwa pesa zake mwenyewe. Muda wa kuupunguza ukingo, wa kufunga jukwaa vizuri na wa kuizima mashine isafishwe ni sehemu ya kazi, na ulipiwe kama kazi.

Pili, kamati za usalama ziwe kamati kweli. Wafanyakazi wawachague wenzao wanaowaamini, wala si wale wanaompendeza meneja. Na pale ambapo hakuna mwajiri mmoja, kama mitoni na katika mabanda ya jua kali, vyama vya ushirika na makundi ya vijana yaichukue kazi hiyo. Watu waliojua kuchimba matuta kwa mwethya hawawezi kushindwa kukubaliana kwamba hakuna atakayeingia chini ya ukingo usiopunguzwa, na kwamba lori la asiyekubali halitapakiwa na yeyote.

Tatu, tujifunze kuzitaja ajali ambazo nusura zitokee. Jiwe lililoanguka hatua moja kutoka kwa mtu ni barua iliyotumwa kabla ya msiba. Lakini nani atakayeileta barua hiyo ofisini iwapo anajua ataulizwa alikuwa akitafuta nini pale? Anayeripoti hatari apewe shukrani, asipewe onyo.

Nne, wakaguzi wa serikali wafike bila kupiga tarumbeta, na wafike pia kule kusiko na lango wala bango. Ajali ikitokea, wasitosheke na kuuliza marehemu alifanya nini. Waulize pia ni nani aliyelipa kwa namna gani, ni nani aliyeonywa, na onyo liliishia mezani pa nani.

Tano, nasi tulio nje tuyaache mizaha yetu. Mama amtumaye mwanawe kazini amuulize jioni si pesa ngapi tu, bali pia amezipata vipi. Mafundi wakubwa waache kuwacheka vijana wanaojikinga. Fundi mkuu anayevaa miwani ya kazi mbele ya wanagenzi wake amefundisha zaidi ya kitabu kizima, kwani mwana huiga aonacho.

Sidai kwamba haya yataondoa kila ajali. Mashine zitaharibika, mvua zitanyesha ghafla, na binadamu atasahau, kwa kuwa kusahau ni sehemu ya ubinadamu. Hayo yakitokea baada ya kila mtu kutimiza wajibu wake, hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kukaa matangani na kuambiana kwamba ajali haina kinga. Kabla ya hapo, neno hilo tulipeleke kwanza kwa mwenye lori, kwa nyapara, kwa meneja na kwa mkaguzi, tumwombe kila mmoja wao atuonyeshe ukingo alioujenga.